Ukija Lindi, angalia mwezi kwanza

Watu wengi wa Dar wanaijua Lindi kwa dirisha la basi. Gari linasimama, mtu ananunua maji na pakiti ya korosho, anarudi kulala, akiamka yuko Mtwara. Mimi ni mzaliwa wa Mikumbi, hapahapa mjini, na jioni nakaanga samaki. Kila likizo napokea wageni: wa kaka yangu, wa wateja wangu, na wengine hata sijui wameunganishwa kwangu na nani. Wote nawaambia neno moja kabla hawajakata tiketi: angalia mwezi, halafu ndiyo uchague tarehe.

Ghuba yetu ni pana na ukingoni haina kina, kwa hiyo maji yakitoka yanatoka kwelikweli. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na saa kumi jioni imejaa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakitoka hayaendi mbali. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya kuhangaika na simu. Tarehe 1 na 15, pamoja na siku mbili tatu za baadaye, ni bamvua. Tarehe 8 na 23 hivi ni maji mafu.

Binti wa kaka yangu aliletwa hapa katikati ya bamvua. Asubuhi kavaa nguo za kuogelea, tumefika pwani, kasimama.

"Shangazi, mbona bahari hamna?"

"Imekwenda kazini. Saa kumi itarudi."

Alinuna kidogo, kisha akawaona kina mama wakiinama kwenye miamba na vijiti vyao, akawafuata. Saa kumi nilipomwita akaoge baharini, alikuwa hana haja tena, anataka kujua pweza anajifichaje.

Basi chagua mwenyewe. Una watoto wadogo na unataka waogelee asubuhi kabla jua halijakali, njoo maji mafu. Unataka kutembea kwenye miamba iliyo wazi, kula pweza wa siku hiyohiyo na kuogelea jioni, njoo bamvua. Na kama ni mimi, ningechagua bamvua ya mwezi mwandamo, kwa sababu ya dagaa. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka taa zao hazina nguvu. Mwezi mpevu una pweza, lakini dagaa wanaadimika. Mwezi mwandamo una vyote viwili. Angalizo moja tu: mwezi huo usije ukawa ule unaoleta Idi. Hapo mabasi yamejaa, nyumba za wageni zimejaa, na sisi wenyewe tuna wageni wetu.

Kuhusu majira, huku Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mwaka mwingine Mei. Juni mpaka Septemba kusi linavuma, hewa ni nzuri, na usiku shuka linahitajika. Oktoba joto linapanda, lakini ndiyo wakati wa korosho. Machi na Aprili sikushauri, na sababu yake ni barabara. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilibomoa barabara ya Dar upande wa Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Ukilazimika kusafiri wakati wa mvua, uliza hali ya njia ya Somanga kabla hujalipa nauli.

Kutoka Dar ni kama kilomita 450. Mabasi ya Kusini yanapita Mbagala, na la kupanda ni lile la alfajiri. Chagua kiti cha kushoto. Asubuhi jua litakusumbua kidogo, lakini mchana watakaochomwa ni wa upande wa kulia, na wewe ndiye utakayekuwa upande wa bahari mkikaribia Lindi. Mtavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, ambalo linakaribia urefu wa kilomita moja. Kabla yake watu walikuwa wakisubiri kivuko. Nangurukuru ndiyo njiapanda ya Kilwa Masoko. Wa ndege ashukie Mtwara, halafu achukue gari, kama kilomita 100.

Ukishafika, mji wenyewe ni mdogo, unatembeleka kwa miguu. Umebanwa baina ya ghuba na vilima, na huo ndio uzuri wake. Kutoka pwani mpaka mahali unapoona ghuba yote ni mwendo mfupi tu. Panda Mtanda. Bodaboda atakufikisha, ila mimi napenda watu wapande kwa miguu, polepole, wakisalimia. Shikamoo kwa wakubwa isikauke mdomoni. Huku mtu akikupita kimya anaonekana amelelewa vibaya, na wewe mgeni hutasamehewa zaidi ya mwenyeji.

Saa ya kupanda siku za bamvua ni saa kumi na nusu jioni. Maji yamejaa, jua liko mgongoni kwako linaimulika ghuba, na chini unaona mabati ya mji, minazi, mdomo wa mto Lukuledi na Kitunda ng'ambo. Asubuhi jua linatokea baharini. Ni zuri kulitazama, lakini picha zako zitatoka nyeusi.

Simama hapo juu na ufikirie kilichopita kwenye ghuba hiyo. Misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, na pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji. Wapagazi wa huku waliibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne mpaka bandarini, mifupa zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wageni wengine wananiuliza kama wanaweza kwenda Tendaguru. Mnaweza, kwa gari la nguvu, wakati wa kiangazi, na kibali mkiulizie mjini kabla ya kutoka. Lakini mjue mnakwenda kuona pori na mashimo ya zamani. Mifupa iko Ulaya.

Lindi ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya Mtwara. Wazee bado wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga mji. Ukiona nyumba kuukuu za mawe karibu na pwani, usizipige picha zikiwa na watu barazani kabla hujaomba.

Kitunda nenda hata kama una siku moja tu. Unavuka kwa kivuko au kwa mashua, safari fupi. Ukifika ng'ambo geuka nyuma, utauona mji wote na vilima mgongoni mwake. Huko kuna minazi, mashamba, kijiji cha watu wapole, na madafu. Chukua hela ndogondogo, noti ya elfu kumi kwa dafu moja ni kero kwa muuzaji. Na kama umevuka kwa mashua, uliza maji ya kurudi kabla hujaondoka pwani. Yakishakupwa, mashua inakaa mbali na utakanyaga matope mpaka magotini na viatu mkononi. Kwa kuoga nakushauri Mtema, kaskazini ya mji, njia ya kwenda Kikwetu. Mchanga ni mzuri na watu si wengi. Kwenye miamba, popote pale, vaa makubazi au raba kuukuu, kuna wanyama wa miiba. Kina mama huku huoga na kanga au dera, na wewe ukijistiri hutatazamwa.

Sasa chakula, ambacho ndicho kinachonilisha.

Kosa la wageni ni kufika hotelini saa mbili usiku na kuuliza kuna nini. Kuna wali maharage, kuna chipsi. Samaki mzuri wa Lindi huagizwa asubuhi. Nenda kwa mpishi, sema unataka nini na mko wangapi, acha hela ya nazi na samaki, rudi jioni. Au nenda mwenyewe pwani mashua zinapoingia. Utakuta mnada, changu, kolekole, nguru, ngisi, na kelele. Mwangalie samaki machoni: yawe yamejaa na yanang'aa. Fungua mashavu, ndani pawe pekundu. Mbonyeze, nyama irudi. Muuzaji akikuzuia kumgusa, mwachie samaki wake.

Pweza ni habari yake. Wa bamvua hufika sokoni kabla ya adhuhuri, wakati maji yanaanza kurudi. Mimi nampiga kwenye jiwe mpaka mikono yake ilegee, namwosha mchanga, namtia sufuriani bila maji na bila chumvi. Pweza hutoa maji yake mwenyewe, rangi ya zambarau, na hayo ndiyo yanayomwivisha. Chumvi ikitangulia anakaza, utatafuna mpaka kesho. Akishalainika namkatakata, natia kitunguu, nyanya, bilinganya kama ipo, na tui jepesi. Tui zito linakuja mwisho, moto ukiwa mdogo, na hapo mwiko hauachwi na sufuria haifunikwi, vinginevyo tui linakatika. Ndimu naikamua sufuria ikishaepuliwa.

Mle kwa ugali wa muhogo. Najua watu wa bara wanaukunjia uso, unavutika na si mweupe kama sembe. Chukua tonge dogo, lipitishe kwenye mchuzi, limeze bila kulitafuna sana. Asiyeupenda kwa mchuzi wa pweza hataupenda tena, basi ale wali wake. Omba pia kisamvu kilichoungwa kwa korosho zilizotwangwa. Hicho watu wanakila mpaka wanasahau samaki.

Ming'oko utaiona njiani na stendi, mizizi myembamba mirefu, imechemshwa, imepangwa mafungu. Wageni huipita wakidhani ni mihogo iliyodumaa. Inatoka porini, watu wanaichimba. Menya ganda kwa kidole, tia chumvi, kula na chai ya asubuhi.

Korosho usinunue kwa macho. Tafuna moja: ikikatika kwa mlio, imekaangwa vizuri na haijapata unyevu. Ikipinda kwenye jino, rudisha. Ukikuta watu wanabangua kienyeji kwa moto, debe likiwa linawaka, kaa upande upepo unakotoka. Mafuta ya ganda huruka na yanaunguza ngozi. Mabibo yakiwepo, kula ukiwa umeinama. Maji yake yakidondokea shati jeupe, shati hilo limekuwa la shamba.

Wenye siku za ziada waelekee Mikindani, ni njiani kabla ya Mtwara. Kuna Boma la Wajerumani la 1895 na nyumba za mawe kwenye vichochoro, na ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho bara mwaka 1866. Msimbati, mbele ya Mtwara, ina ufukwe kuushinda wetu, siwezi kubisha, na iko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio. Dereva asitoke kwenye njia iliyokanyagwa, ule mchanga unameza gari. Anayependa misitu aende Rutamba, kuna ziwa na msitu wa Litipo, au apande uwanda wa juu wa Rondo. Usiku wa huko kuna komba mdogo kuliko komba wote, wa gramu 60 hivi. Utamsikia zaidi ya kumwona.

Ramadhani mgeni anakaribishwa, lakini chakula cha mchana kipange chumbani, na usile njiani. Futari yetu itakulipa. Chandarua kague kabla hujalipia chumba, matundu ya chandarua ndiyo malaria yenyewe, na dawa ya kujipaka njoo nayo.

Siku ya kuondoka wengi wanataka kubeba samaki. Mbichi usihangaike naye, safari ya mchana kutwa itamshinda. Nunua ng'onda, aliyekauka kweli: mkunje, asipinde. Mfunge kwenye magazeti, si mfuko wa plastiki, maana akitoa jasho anaoza, kisha mtie kwenye boksi lililotobolewa matundu. Mwambie kondakta mapema kilichomo na boksi likae buti, mbali na injini. Akianza kugoma, mpe wawili.