Jinsi ya kuomba fidia ya silikosisi: anza na historia ya vumbi, picha ya kifua ifuate

Silikosisi ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga. Mfanyakazi anayekohoa na kutweta akipanda ngazi huenda hospitali, akapigwa picha ya kifua, kisha akaibeba moja kwa moja hadi ofisi ya fidia. Anaamini picha itajieleza. Haijielezi. Madoa madogo yanayoonekana kwenye mapafu yanaweza kuletwa na kifua kikuu, sakoidosisi (ugonjwa mwingine unaoacha vinundu mapafuni), au hata saratani iliyosambaa. Daktari huyaita silikosisi akiwa na mambo matatu mkononi: historia ya kuvuta vumbi la silika kwa kiasi cha kutosha, picha inayolingana na ugonjwa huo, na kukosekana kwa maelezo mengine yenye nguvu zaidi. La kwanza katika hayo unaliandika wewe, na ndilo majalada mengi hulikosa.

Majina ya ofisi na fomu hutofautiana kila nchi. Kinachotakiwa ndani ya jalada hakitofautiani sana, na ndicho kinachoelezwa hapa.

Hatua ya 1: Andika historia ya vumbi

Chukua daftari kabla ya kwenda kupimwa. Anza na kazi ya kwanza maishani, uje mpaka ya mwisho. Silikosisi sugu kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi, na inaweza kujitokeza akiwa ameshaacha kazi hiyo. Kwa hiyo kazi ya miaka 20 iliyopita usiyoikumbuka vizuri huenda ndiyo iliyokuumiza.

Kwa kila kazi andika mwezi na mwaka wa kuanza na kuacha, aliyekulipa mshahara, ulichokuwa ukifanya kwa mikono yako, jiwe au mchanga uliokuwa ukiushughulikia, saa za zamu, na kilichofanywa kupunguza vumbi. Cheo hakitoshi. "Fundi" anaweza kuwa alikaa stoo, na "mlinzi" anaweza kuwa alisimama miaka minane kando ya mtambo wa kuponda kokoto.

Maelezo yanayorudishwa huwa hivi: "Nilifanya kazi mgodini karibu miaka sita, kulikuwa na vumbi sana."

Yanayopita huwa hivi: "Machi 2009 hadi Novemba 2014. Mchorongaji wa miamba, nililipwa na mkandarasi, si mgodi wenyewe. Mwamba mgumu mweupe. Drili ya upepo, tulichoronga pakavu; maji yaliletwa 2013. Zamu ya saa 10, siku 6 kwa wiki. Baada ya kulipua tulirudi shimoni kama nusu saa, vumbi likiwa bado limetanda. Barakoa ya kitambaa, moja kwa mwezi."

Mtathmini akisoma maelezo ya pili anaona mengi bila kuuliza. Kuchoronga pakavu hutoa vumbi jingi kuliko kuchoronga kwa maji. Chembe zinazoharibu mapafu ni zile ndogo, chini ya mikromita 10, ambazo jicho halizioni. Hubaki hewani muda mrefu baada ya lile vumbi zito kutua, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Anaona pia kwamba mlipaji alikuwa mkandarasi, jambo ambalo lisipotajwa, mgodi utajibu kwa haki kabisa kwamba hauna mfanyakazi wa jina hilo.

Taja jiwe kwa jina kama unalijua. Marumaru halisi huwa na silika kidogo sana, granaiti huwa na kiasi cha kutosha kudhuru, jiwe la mchanga huwa na nyingi, na mawe yanayotengenezwa kiwandani kwa ajili ya meza za jikoni yanaweza kuzidi asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana walioyakata na kuugua. Wanaokata mawe ya aina hii wanaweza kuugua ndani ya miaka 5 hadi 10, na wengine mapema zaidi, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba miaka yako minne kazini ni michache mno.

Usiache kazi ndogondogo: kufagia pakavu, kukung'uta mifuko, kusafisha mashine au nguo kwa upepo wa kompresa. Na kama unavuta sigara, sema. Sigara huathiri pumzi na itazungumzwa kwenye tathmini, lakini haileti yale madoa ya mviringo ya sehemu ya juu ya mapafu. Ukificha, ikagundulika, hata yale ya kweli uliyoandika yatatiliwa shaka.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba ulikuwepo

Mkataba, hati za malipo, barua ya kuajiriwa au kuachishwa, kitambulisho cha kazini: toa nakala, zithibitishwe, halisi zibaki kwako. Usiwahi kuacha hati halisi kaunta, hata ukiambiwa ni ya siku moja.

Kampuni ikiwa imefungwa, mfuko wa pensheni uliokatwa michango yako una orodha ya waajiri na miezi waliyolipa. Hiyo mara nyingi ndiyo hati yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya madai. Chama cha wafanyakazi na mamlaka ya kodi ni milango mingine. Kwa waliokuwa vibarua bila karatasi yoyote hubaki hati za kiapo za wenzao, zitoke kwa watu wawili au watatu. Mwenzako aeleze yeye mwenyewe alikuwa nani pale, tangu lini hadi lini, alikuona ukifanya nini. Naye aambatishe ushahidi wake wa kuwepo. Kiapo kinachosema tu "namfahamu, ni mtu mwema, aliugua kazini" hakina uzito.

Omba pia, kwa maandishi, matokeo ya upimaji wa vumbi na rekodi zako za uchunguzi wa afya kazini. Vumbi la silika hupimwa kwa miligramu kwa mita ya ujazo, wastani wa zamu ya saa 8. Kikomo cha Marekani kwa silika inayovutika hadi ndani ya mapafu ni 0.05, cha Umoja wa Ulaya ni 0.1, linganisha na kikomo cha nchi yako. Mwajiri asipojibu, nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa iingie kwenye jalada. Kutojibu nako ni ushahidi wa aina yake.

Hatua ya 3: Vipimo

Nenda na daftari, na umpe daktari alisome. Barua yake lazima iseme kwa maneno wazi kwamba ugonjwa unatokana na vumbi la silika la kazini, itaje kazi na miaka, na iwe na tarehe. "Mapafu yenye makovu" haitoshi. Katika orodha ya magonjwa ya ICD-10, silikosisi huangukia J62.8, na ikiambatana na kifua kikuu huwa J65; msimbo usio sahihi unaweza kulipeleka jalada kwenye meza isiyo yake.

Picha ya kifua isomwe kwa mfumo wa Shirika la Kazi Duniani, ILO. Msomaji huilinganisha na picha za mfano na kuandika wingi wa madoa madogo kwa tarakimu mbili, kwa madaraja kutoka 0 (hakuna au machache mno) hadi 3 (mengi sana). 1/0 maana yake ameamua ni daraja la 1 ila alifikiria pia 0. 0/1 ni kinyume chake: ameamua 0. Mifumo mingi ya fidia huanzia 1/0, kwa hiyo kati ya tarakimu hizo mbili kuna pengo la kulipwa na kutolipwa. Herufi p, q na r hueleza ukubwa wa madoa ya mviringo, kutoka chini ya milimita 1.5 hadi 10; likizidi milimita 10 huitwa doa kubwa na hupewa A, B au C.

Ubora wa picha huamua mengi. Pumua ndani mpaka mwisho na ushikilie. Ukipigwa na pumzi nusu, mapafu hujikunja na kuonekana meupe pasipostahili. Mionzi ikizidi, madoa madogo hufutika. Omba faili halisi la kidijitali kwenye CD au kumbukumbu nyingine. Picha iliyochapwa kwenye karatasi ya kawaida haisomeki kwa mfumo huu, na hilo ni moja ya makosa yanayorudisha majalada ilhali mgonjwa ana ugonjwa kweli. Madoa yakiwa na utata, CT ya kifua (picha ya tabaka kwa tabaka) huona zaidi.

Spirometri hupima uwezo wa kupumua. Usivute sigara wala kufanya kazi nzito saa moja kabla, usinywe pombe siku hiyo. Utabanwa pua, utajaza mapafu kabisa, utapuliza kwa nguvu zote tangu mwanzo bila kusita, na kuendelea mpaka hewa iishe, kwa kawaida sekunde 6 au zaidi. Yatakiwe mapulizo matatu yanayokubalika, na mawili bora yasipishane kwa zaidi ya mililita 150. Ukikohoa mwanzoni au ukiacha mapema, pulizo halihesabiwi. Wapo wanaopuliza kivivu makusudi ili waonekane wagonjwa zaidi. Mashine huchora mkunjo, mkunjo hauwi sawa mara tatu, na ripoti huandikwa "hakujitahidi". Hapo umejiharibia.

Makohozi yapimwe kifua kikuu. Silikosisi huongeza hatari ya kukipata, na ni vizuri kujua na kuanza dawa bila kungoja fidia. Kikipatikana, usifikiri madai yamekufa: silikosisi pamoja na kifua kikuu imo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya ILO ya 2010. Mwombe daktari aandike yote mawili, kila moja na ushahidi wake.

Hatua ya 4: Taarifa na fomu

Mjulishe mwajiri kwa maandishi mara tu unapopata barua ya daktari. Kwa magonjwa yanayochelewa kama haya, sheria nyingi huanza kuhesabu muda tangu siku ugonjwa ulipothibitishwa au ulipoujua. Maana yake tarehe iliyo juu ya barua ile inaweza kuwa ndiyo inayokimbiza saa. Barua iliyolala miezi kabatini ni hatari. Uliza ofisi ya fidia siku ileile ukomo ni lini, na uombe jibu kwa maandishi. Mwajiri akikataa kujaza sehemu yake ya fomu, peleka madai yako na maelezo ya kukataa kwake; usimsubiri.

Jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane kila mahali. "Juma" kwenye kitambulisho na "Jumaa" kwenye hati ya malipo ni watu wawili machoni pa karani, mpaka uape kwamba ni mmoja. Orodhesha waajiri wote waliokuweka kwenye vumbi, hata unayemwonea huruma, kwa kuwa katika baadhi ya nchi mzigo hugawanywa na katika nyingine humwangukia wa mwisho. Ukipokelewa, chukua namba ya jalada na nakala iliyogongwa muhuri.

Hatua ya 5: Bodi, kiwango na rufaa

Bodi ya madaktari hutoa asilimia ya ulemavu, nayo ndiyo inayoamua kama utalipwa kwa mkupuo au kila mwezi. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi kabla ya kukata rufaa. Sababu ikiwa ni picha, tafuta msomaji wa pili aliyefunzwa mfumo wa ILO. Ikiwa ni kazi, ongeza viapo. Rufaa inayorudia maneno yaleyale ya mwanzo hurudi na jibu lilelile.

Soma kila karatasi ya malipo kabla ya kutia sahihi, na umtafute mwanasheria au chama cha wafanyakazi ukiona maneno kama "malipo ya mwisho na kamili". Silikosisi huendelea kukua hata ukiwa umeondoka kwenye vumbi, kwa hiyo haki ya kupimwa upya ina thamani kuliko nyongeza ndogo ya leo. Vivyo hivyo, usiandike barua ya kuacha kazi "kwa sababu binafsi" wakati unaacha kwa sababu ya kifua.

Mdai akifariki kabla ya uamuzi, wategemezi wanaweza kuendelea na madai katika mifumo mingi. Ulizeni kabla ya maziko kama uchunguzi wa mapafu unakubalika au unahitajika. Ni ushahidi ambao hauwezi kupatikana tena kirahisi. Walio hai nao warudi kupigwa picha kwa vipindi atakavyopanga daktari, kila mara kwa faili la kidijitali, ili 1/0 ya leo ikija kuwa 2/1 kuwe na picha mbili za kuwekwa ubavuni mwa nyingine.