Kumtafuta besi ziwani baada ya kutaga: mfano wa Ziwa Minnetonka

Kila mwaka, Juni ikishaingia, wavuvi wa ndoana wa jimbo la Minnesota, Marekani, hulalamika jambo moja: viota vya besi, samaki mla samaki wa maziwani, vimebaki vitupu na samaki hawaonekani. Wengi huhitimisha kwamba besi wameacha kula, au wamekimbilia katikati ya ziwa. Hakuna kati ya hayo lililotokea. Wamegawanyika tu. Jike ameshaondoka, dume bado analea, na kila mmoja hutafutwa kivyake. Ukilielewa hilo, hata ziwa kubwa kama Minnetonka, lenye ekari kama 14,500 na ghuba zaidi ya ishirini, unabakiwa na sehemu chache za kupitia asubuhi moja.

Tunamzungumzia besi mdomo-mpana (largemouth bass), samaki yule yule aliyepelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Naivasha haigandi barafu, kwa hiyo kalenda iliyomo humu si ya kule. Namna ya kusoma kina na magugu, hata hivyo, inafaa kotekote.

Joto la maji kwanza

Besi huanza kutaga maji yakifika nyuzi 60 hadi 65 za Farenhaiti, yaani 16 hadi 18 za Selsiasi. Upande wa kusini wa Minnesota hiyo kwa kawaida ni nusu ya pili ya Mei. Yakishapita 70 (Selsiasi 21) na kukaa hapo siku kadhaa, walio wengi katika ghuba hiyo wamemaliza.

Zingatia maneno "katika ghuba hiyo". Ziwa halipati joto lote kwa pamoja. Ghuba yenye kina kifupi, sakafu ya tope jeusi, na iliyokingwa dhidi ya upepo wa kaskazini inaweza kuitangulia sehemu ya wazi ya ziwa kwa wiki moja au mbili. Minnetonka, ghuba za magharibi kama Halsted na Jennings huwahi. Wayzata na maji mapana ya upande wa mashariki huchelewa. Kwa hiyo siku moja unaweza kuwakuta besi walio juu ya viota, wanaolea, na waliokwisha kuhamia kando ya magugu. Ukifika mahali ukawakuta bado wamekalia viota, usiwasumbue. Nenda ghuba iliyotangulia kupata joto.

Pima joto asubuhi, kabla jua halijapanda. Mchana wa jua usio na upepo, ngozi ya juu ya maji hupanda nyuzi kadhaa na kukudanganya kwamba mambo yamekwenda mbele kuliko yalivyo.

Dume ndiye kipimo chako

Mayai yakishaanguliwa, dume hubaki na vifaranga kwa wiki mbili hadi nne. Vaa miwani inayokata mng'ao wa maji, upite taratibu kando ya magati ya nyumba, mayungiyungi na matete yaliyosimama kwenye maji ya futi mbili hadi tano. Unachotafuta ni wingu jeusi la vifaranga karibu na uso wa maji, kubwa kama karai, linalosogea pole pole na kubadili umbo. Dume yuko chini yake au pembeni kidogo, na mara nyingi hutamuona mpaka ageuke.

Wavuvi wengi humvua dume huyo kwa sababu ni rahisi: hushambulia chochote kinachopita, si kwa njaa bali kwa kufukuza. Maoni yetu ni kwamba haifai. Ukimtoa hata kwa dakika chache, blugili (bluegill, samaki mdogo bapa wa maziwa hayo) huvamia vifaranga na kuwala. Kama amenasa bila kukusudia, mrudishe papo hapo, pale pale. Usimweke kwenye tangi la mashua na kwenda naye.

Faida yake kubwa iko kwenye vifaranga wenyewe. Wakiwa vidogo vya milimita chache, wamebanana, fahamu kwamba majike ya ghuba hiyo bado yamepumzika karibu na hayali kwa kasi. Wakifikia sentimita mbili na nusu hivi na wingu limeanza kutawanyika, malezi yamekwisha; siku chache zijazo madume nayo yatashuka, na majike tayari yana njaa.

Jike husimama kwenye kina cha kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani jike akitoka kwenye kiota huenda mbali. Ametoka amechoka, na mara nyingi mkia wake una michubuko. Huishia kwenye kina cha kwanza kinachopakana na maji aliyotagia, akatulia hapo.

Chukua ramani ya kina ya ziwa, ya karatasi au ya kwenye sona (kifaa cha skrini kinachopima kina kwa mawimbi ya sauti), ufanye hivi. Tia alama mahali palipokuwa na viota: sakafu ngumu ya mchanga au changarawe, futi mbili hadi sita. Kutoka hapo fuata njia fupi kabisa ya kwenda kwenye maji mengi. Kwenye njia hiyo kuna vituo visivyozidi vinne au vitano. Cha kwanza ni pale mistari ya kina inapobanana, kina kikishuka kutoka futi tano hadi nane au kumi na mbili. Kisha kuna ncha za magati marefu yanayoishia kwenye futi sita hadi kumi, hasa gati lililo la mwisho kabla ya mdomo wa ghuba. Mdomo wenyewe una rasi mbili, kushoto na kulia. Yenye mteremko mkali ndiyo ya kuanza nayo. Na Minnetonka ina kitu ambacho maziwa mengi hayana: mifereji na madaraja yanayounganisha ghuba na ghuba. Kila besi anayetoka ghuba ya namna hiyo hana njia nyingine, kwa hiyo nguzo za daraja na kona za mfereji zinastahili muda zaidi.

Asiye na sona atumie bildi: kamba yenye fundo kila baada ya futi tatu na chubwi zito mwishoni. Ni kazi ya polepole, lakini chubwi lina faida ambayo skrini haina. Likigonga sakafu ngumu unalisikia mkononi. Likizama kwenye tope, linang'ang'ania ukilivuta.

Kwa jike aliyepumzika, chambo cha mwendo wa kasi ni kupoteza mchana. Tumia mnyoo wa mpira wa inchi tano, usiofungwa chubwi. Ndoana ya namba 1 au 1/0 ipite katikati ya mwili wake, si kichwani, ili pande zote mbili zitikisike anapozama. Mshipi wa fluorokaboni (aina ya plastiki isiyoonekana kwa urahisi majini) wenye nguvu ya paundi 10 au 12 unatosha. Tupa, acha mnyoo uzame wenyewe, usivute. Mnyoo huo huchukua sekunde kama mbili kwa kila futi moja, kwa hiyo kwenye futi nane unasubiri robo dakika nzima, ukiangalia mshipi tu. Besi wa wakati huu hapigi kwa kishindo. Mshipi hulegea ghafla kabla ya wakati wake, au huanza kwenda pembeni kama aliyekumbuka safari. Hapo kaza taratibu, kisha vuta. Ukingoja kuusikia kwenye fimbo, ameshautema au ameumeza mpaka tumboni.

Mnyoo ukipasuka katikati baada ya samaki wawili watatu, si ubovu; plastiki yenye chumvi nyingi ndivyo ilivyo. Pete ndogo ya mpira ikizungushwa katikati, ndoana ikapita chini ya pete badala ya kutoboa mnyoo, mmoja utadumu mara kadhaa zaidi.

Fuata blugili

Wiki moja au mbili baadaye njaa hurudi, na chakula kimejileta. Blugili hutaga maji yanapokuwa kati ya nyuzi 68 na 80 za Farenhaiti, baada ya besi, tena kwa makundi: mashimo madogo ya duara yaliyobanana kama masega ya asali kwenye mchanga wa futi mbili hadi tano. Besi mwenye akili haingii katikati ya kundi. Huzunguka ukingo unaoelekea kwenye kina na kumsubiri blugili anayejisahau.

Ukiona kundi la mashimo, simama mbali, mashua ikiwa upande wa kina, utupe chambo sambamba na ukingo wa nje. Alfajiri na jioni tumia chambo cha juu ya maji chenye mdomo uliobonyea: kivute mara mbili kifupi kitoe sauti ya "blup", kisha ukiache mpaka miduara ya maji itulie. Mapigo mengi huja kikiwa kimesimama. Jua likipanda, badilisha uweke jigi ya kuogelea (ndoana yenye kichwa kizito na sketi ya nyuzi, inayovutwa majini kama samaki) ya gramu 10 hivi, rangi ya kijani na rangi kidogo ya chungwa tumboni, kwa kuwa ndivyo blugili alivyo.

Ukipata blugili tu wanaodonoa na kuachia, hapo hakuna besi kwa saa hiyo. Rudi baadaye, usihame ghuba.

Magugu: mahali pa kukaa kiangazi

Mwishoni mwa Juni besi wengi huwa wameshafika kwenye ukingo wa nje wa magugu, na hapo hukaa mpaka mwishoni mwa kiangazi. Minnetonka ina gugu la kigeni la milifoili tangu mwaka 1987, nalo limetengeneza kuta ndefu ambazo ukingo wake wa nje mara nyingi uko kwenye futi 10 hadi 15. Ukuta mrefu ulionyooka ni wa kupita haraka. Tafuta kasoro: kipembe kinachochomoza, tundu linaloingia ndani, mahali magugu ya aina mbili yanapokutana, au kipande cha sakafu ngumu ambapo gugu limeshindwa kuota.

Angalia kinachorudi na ndoana yako. Jani la kijani, gumu kidogo, linalokatika kwa kukatika, ni zuri. Likiwa la kahawia, laini, limevikwa ute, ondoka. Gugu linalooza hula oksijeni, na blugili wamelihama kabla yako.

Ukingoni, mnyoo wa inchi saba na chubwi la umbo la risasi la gramu 7, ncha ya ndoana ya 3/0 ikiwa imefichwa ndani ya plastiki, ndiyo njia ya uhakika. Chubwi zito kuliko hilo huzika mnyoo ndani ya majani. Jepesi mno haligusi chini na upepo huondoka nalo. Ukikwama kwenye jani usivute kwa nguvu: tikisa ncha ya fimbo mpaka lijinasue lenyewe, kwa sababu sekunde ile mnyoo unaporuka kutoka kwenye jani ndiyo besi huichagua.

Chagua pia ukingo unaopigwa na upepo wa wastani. Mawimbi huvunja mwanga na kusukuma samaki wadogo. Baada ya upepo baridi wa kaskazini na anga la buluu tupu, besi hujichimbia ndani ya magugu. Siku hiyo sogea futi mbili tatu ndani ya ukuta na upunguze mwendo nusu.

Kabla na baada

Mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi ya jimbo, na tarehe za kuruhusiwa kuchukua besi hutangazwa kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka husika. Kisome chenyewe, usitegemee kumbukumbu ya jirani. Minnetonka ina kome pundamilia tangu 2010. Kingo za makombe yao hukata mshipi, basi kila baada ya kugusa nguzo au jiwe pitisha vidole kwenye futi tatu za mwisho, na ukihisi mkwaruzo kata, funga upya. Ukitoka majini, ng'oa magugu yote kwenye trela, mwaga maji ya tangi, na uchomoe kizibo cha mashua kabla ya kuingia barabarani. Sheria ya Minnesota inataka kizibo kikae nje safari nzima, hata kama ziwa linalofuata liko maili mbili tu.