Unakuja Malindi na risiti ya permeso? Angalia tiketi kwanza

Sisi wa Malindi tulioko Italia pasipoti yetu tunaijua inafika wapi. Uganda na Rwanda kitambulisho tu chatosha, Sauzi tangu 2023 hawatudai visa, lakini Ulaya mpaka uombe. Na ukishaingia, kinachokutembeza si pasipoti peke yake, ni permeso, yaani kibali cha kuishi Italia. Ikiwa hai unazunguka nchi nyengine zote 28 za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, siku 90 katika kila siku 180, hakuna wa kukuuliza. Balaa linaanza permeso ikiisha na ya kurenew bado iko kwenye foleni.

Kurenew kwenyewe si kazi: bahasha ya posta yenye mstari wa manjano, stampu ya euro 16, kopi ya pasipoti, wanakupa risiti na siku ya alama za vidole kwestura, ofisi ya polisi inayotoa permeso. Kama pasipoti nayo inakaribia kuisha anza na hiyo, eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, waijua mwenyewe.

Sasa sikiza vizuri. Risiti ile, pamoja na permeso iliyoisha na pasipoti, inakuruhusu kuja nyumbani na kurudi, ni kweli kabisa. Ila utoke kwa mpaka wa Italia na uingilie mpaka wa Italia, bila kupita nchi nyengine ya Schengen. Amsterdam hapana, Paris hapana, Frankfurt hapana. Usiniambie ati mimi sitoki nje ya eapoti nabadilisha ndege tu, kwa sababu ukaguzi wa kuingia Schengen unafanywa pale unaposhuka mwanzo, kwa hiyo anayekukagua ni Mholanzi au Mfaransa, na kwake yeye ile karatasi ya posta ya Italia si kitu.

Ajenti aliyeniuzia tiketi hakuniuliza nina kadi au nina risiti, aliniuliza mabegi mangapi. Kuja nilipita vizuri, askari wa mpakani aligonga muhuri hata hakuinua uso, nikajua mambo sawa. Kurudi, kaunta ya Nairobi, yule dada akaifungua risiti akaigeuza juu chini, akaita mkubwa wake, mkubwa akapiga simu, foleni nyuma yangu inaguna, halafu begi langu lenye achari na visheti likashushwa kwenye mkanda. Tiketi ya kwanza hela hazikurudi, mpya ya kupitia Addis Ababa nikainunua kwa bei ya dharura, na bei ya dharura waijua ilivyo.

Kwa hiyo pitia Addis, Doha, Istanbul, au ndege ya moja kwa moja ya Milan mpaka Mombasa kama ipo msimu huo. Angalia kwenda NA kurudi, narudia, kurudi, maana tiketi za rahisi zina tabia ya kukupitisha njia mbili tofauti na wewe umesoma moja tu.

Na nyinyi wa nyumbani, ami zangu na mama wadogo, nawapenda, lakini hii ya "mtumie mtoto visa basi" tuiache, visa haitumwi kama M-Pesa. Ni euro 90 tangu Juni 2024, wakikunyima hazirudi, na bado watataka barua ya mwaliko na stetimenti ya benki. Najua mnaona Wataliano wanavyojaa Casuarina hapo Malindi mnadhani njia ni moja. Mtaliano anajaza eTA, ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Kenya, kwa simu amekaa kwenye kochi, dola 30 na kitu, anakuja kuota jua. Si watu wabaya, majirani zangu wananiletea chakula mpaka naona haya, ila nchi yao inaabudu karatasi na wao wenyewe wanalia nayo, pale posta vikongwe wanatukana serikali yao kuliko sisi tunavyotukana ya kwetu.

Kama umeshakata ya kupitia Paris na mkononi una risiti, ibadilishe leo ungali huko Italia, faini ya kubadilisha ni ndogo kuliko kulala eapoti.