Ampli ya hedifoni ya kwanza: mambo ya kuweka sawa kabla hujashika pasi ya kulehemu

Wengi wanaojitengenezea ampli ndogo ya mfukoni huanzia saketi ya CMoy, ile aliyoibuni Chu Moy, na kwa kweli ni pazuri pa kuanzia maana ni betri moja ya volti 9, IC moja ya miguu 8 (chipu inayokuza sauti), na risista na kapasita chache tu. Ila kabla hujanunua chochote angalia kwanza hedifoni ulizonazo. Kama ni za ohm 16 au 32 na simu yako tayari inazipiga hadi unapunguza sauti, ampli haitakuongezea mengi, lakini kama ni zile za ohm 250 au 300 hapo ndo utaona kazi yake, zinataka volti ambazo simu nyingi hazitoi.

Aina ya hedifoni pia ndo inaamua gaini, yaani ampli inakuza sauti mara ngapi. Mchoro unaozunguka sana una risista ya 10k (ohm elfu kumi) na ya 1k, ambayo ni gaini ya 11, na kwa hedifoni nyepesi kusukuma hiyo ni nyingi mno, utasikia shhhh hata kabla muziki haujaanza. Badili ile 10k weka 3.3k, unapata 4.3 hivi, inatosha.

Vifaa vya mkononi sitavisemea sana, pasi yenye ncha nyembamba, risasi nyembamba ya kulehemu, koleo ndogo. Mita ya dijitali ndo usianze bila hiyo, tena iwe inasoma milivolti. Na nunua soketi ya IC, unalehemu soketi halafu IC yenyewe unaichomeka mwisho kabisa.

Kitu kinachowachanganya watu ni graundi, yaani ile sehemu inayohesabiwa kuwa volti sifuri. Betri ni moja lakini IC inataka chanya na hasi, kwa hiyo risista mbili za 4.7k zinagawa zile volti 9 katikati na pale katikati ndo panakuwa graundi ya sauti, sio upande wa hasi wa betri! Sasa ukitumia boksi la bati, jeki zako (matundu ya kuchomekea waya za sauti) zikigusa bati na hasi ya betri nayo ikagusa bati, nusu ya umeme wako imepigwa shoti. Weka kitu kisichopitisha umeme chini ya bodi na kuzunguka betri, na amua mapema jeki zitakaaje. Na kwa sababu hiyohiyo usiilishe ampli kutoka chaja ileile inayochaji simu unayosikilizia, graundi mbili zitakutana mahali pasipotakiwa.

Ukimaliza kulehemu usichomeke hedifoni bado, nakuomba sana. Weka betri IC ikiwa nje, waya mweusi wa mita kwenye graundi ya katikati, mwekundu kwenye tundu la mguu wa 8 la soketi, isome kama +4.5, halafu la mguu wa 4, isome kama -4.5. Ikiwa kinyume umegeuza betri, na IC ingekufa hapohapo. Zikiwa sawa toa betri, chomeka IC, rudisha betri, pima volti za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) kwenye jeki ya kutokea, kushoto na kulia, volumu ikiwa chini na ikiwa juu. Chini ya milivolti 20 uko salama. Ukiona volti nzima kuna waya umekosea, usijaribu "kusikia tu kidogo", DC inachoma koili za hedifoni na hizo zinaweza kuwa ghali kuliko ampli yote.

Hapa pia ndo pa kuwa makini na kubadilisha IC ovyo. IC ya OPA2134 mlangoni, yaani pale sauti inapoingilia, inavuta mkondo mdogo sana, karibu na hakuna, lakini NE5532 inavuta kama nanoampea 200, mkondo huo ukipita kwenye risista ya 100k ya mlangoni unapata milivolti 20, zidisha kwa gaini ya 11 ni milivolti 220 zinazoenda moja kwa moja kwenye hedifoni. IC zote mbili ni nzuri, ila ukitaka hiyo ya pili punguza risista ya mlangoni kwanza, na kapasita iliyo mbele yake iongeze, la sivyo besi itapungua.

Jaribio la kwanza lifanye na earphone za bei ya chini, volumu iwe chini, na ziwe nje ya masikio unapowasha maana huwa inapiga tuh! wakati umeme unaingia.