Namna ya Kuandaa Wimbo wa Kwanza wa Bendi kwa Kufuata Njia ya The Beatles

Bendi changa hapa Mbeya, iwe ya Mwanjelwa au ya Uyole, mara nyingi hukimbilia studio ikiwa na wimbo ambao haujawahi kusikiwa na mtu yeyote asiye ndugu wa waimbaji. The Beatles walipanda chati za Uingereza kwa njia nyingine, na njia hiyo inafuatika hata kwa wenye magitaa mawili na dramu za kuazima.

Anzeni na jukwaa. Vijana hao wa Liverpool walikwenda Hamburg, Ujerumani, mwezi Agosti 1960, wakapiga vilabuni kwa saa nyingi kila usiku, na wakarudi huko mara kadhaa hadi mwisho wa 1962. Tafuteni mgahawa mmoja utakaowapokea kila Jumamosi, mpigie watu wanaokula na kuzungumza bila kuwajali. Wimbo utakaowafanya waache kijiko sahanini ndio wa kurekodi. Mwezi Julai, baridi yetu inapokakamaza vidole juu ya nyuzi, pigeni hivyo hivyo.

Kisha pimeni kasi, jambo ambalo wengi hulipuuza. Wimbo wa The Beatles "Love Me Do", uliotoka Oktoba 1962, uliishia nafasi ya 17. "Please Please Me" ulikuwa wimbo wa polepole hadi mtayarishaji George Martin alipowashauri wauharakishe. Ulipotoka Januari 1963 ulifika kileleni katika chati kadhaa, ingawa ile ya jarida la Record Retailer iliuweka wa pili. Kwa hiyo rekodini wimbo wenu kwa simu kwa kasi tatu tofauti, mmoja wenu asimame nje ya mlango uliofungwa, na achague ile inayomtikisa kichwa hata maneno yasiposikika vizuri.

Studio ije mwisho, hasa ikiwa mnalipa kwa saa. Tarehe 11 Februari 1963 The Beatles walirekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza kwa siku moja, kwa kuwa nyingi walikwisha kuzizoea jukwaani. Pangeni pia mfuatano: mwimbaji wao John Lennon alikuwa na mafua siku hiyo, hivyo "Twist and Shout", unaokwaruza koo, uliachwa hadi mwisho kabisa. Wa kwenu wa namna hiyo nao usubiri, na chupa ya chai ya tangawizi iwe karibu.