Tangi la samaki likikushinda Nairobi: fanya hivi, usiende mtoni

Watu wa Nairobi tunahama sana, na siku ya kuhama lile tangi la samaki ndio huwa mzigo kuliko hata friji, sasa mtu anashuka jioni na ndoo hadi mtoni, anamwaga, anarudi akijiona amefanya wema. Wacha kabisa. Mto Nairobi, Mathare na Ngong zote zinaingia Athi, na Athi inashuka hadi inaitwa Galana halafu Sabaki inamwaga baharini karibu na Malindi, kwa hivyo ukiachilia kitu hapa ujue umekipa nauli ya kwenda Pwani.

Mnyama mgeni akiachiliwa huenea: huko Uingereza wanasumbuliwa na nyuti wa kigeni, kamnyama ka umbo la mjusi lakini ngozi laini kama ya chura. Huku kwetu hatuna nyuti wa asili. Wale wa milima ya Ulaya waliletwa Surrey miaka ya 1920, wakatoroka, na leo wanapatikana kwa vidimbwi sehemu nyingi za nchi. Na usidhani ni miguu yao imewafikisha kote, hao hutembea polepole usiku kukiwa na unyevu. Wengi wanabebwa na watu. Jike anataga yai moja moja na kila yai analikunjia ndani ya jani la mmea wa maji, sasa ukimpa jirani kamche ka kidimbwi unampa na watoto wa nyuti bila kujua. Tena wanaweza kubeba ule ugonjwa wa kuvu unaoua vyura, na huo unasafiri hata kwa gamubuti zilizoloa.

Naivasha nayo iko hapo tu. Kamba wekundu wa Marekani (crayfish) waliwekwa ziwani 1970, wakafyeka mimea ya majini mpaka yungiyungi zikapotea. Hao hutoka majini wakavuka nchi kavu, so usijidanganye eti ukuta wa kidimbwi utawazuia.

Sasa kazi. Samaki mzima, tafutia mtu mwenye tangi ama rudisha duka ulikonunua, wengine huchukua bure. Mgonjwa mpeleke kwa daktari wa mifugo, na asipopona kuna njia ya kumuua kwa mafuta ya karafuu asiteseke. Kobe ni mambo ya KWS, shirika la wanyamapori, wapigie.

Maji ya kubadilisha mwaga kwa maua ama kwa shamba, isiwe kwa mtaro wa barabara, mtaro wa Nairobi unaenda mtoni moja kwa moja. Pia maji ya kuoshea sponji ya filta, hapo ndio vifaranga vya gapi, wale samaki wadogo wa tangi, hujificha na vingine ni vidogo kama punje ya mchele.

Mimea anika juu ya mabati mpaka ivunjike mkononi, halafu ndio utupe. Ikiwa bado mbichi hata kipande kinaweza kuota, na Nairobi Dam ilivyomezwa na gugumaji kila mtu ameona. Neti na ndoo pia zikauke kabisa kabla uzipeleke kwa kidimbwi kingine.

Wenye vidimbwi vya nje huko Karen, Kikuyu na Kitengela, shida yenu ni mvua. Kabla masika yaanze mwite fundi aangalie ovafulo, lile bomba la kutoa maji yakizidi, mdomo wake ufungwe na waya laini wa hadiwea, ule wa kofi tre, ukunjwe mara mbili. Halafu kila asubuhi baada ya mvua toa majani yaliyokwama, maana waya ukiziba maji yatapita juu ya ukingo na samaki wote waende, na hapo waya haujakusaidia chochote. Kidimbwi kikiwa bondeni kabisa karibu na mto, mimi ningekifukia tu nipande sukuma.

Na ukinunua kamba wa Naivasha wa kupika, wapike siku hiyo hiyo. Usiwaweke kwa beseni nje usiku, asubuhi utakuta beseni tupu.