Kompyuta imeapdetiwa imekuja na sura mpya huielewi? Fanya hivi kabla hujairudisha ya zamani

Kila mfumo wa kompyuta ukibadilishwa sura watu wanagawanyika palepale, huyu anasema saivi imependeza kweli, yule anasema wameharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi vizuri tu. Mi naona wote wako sahihi, maana mmoja anaongelea macho na mwenzie anaongelea mkono. Macho yanazoea kitu kipya haraka, ila mkono umeshajua kwamba batani ya Start iko pembeni kushoto na utakuwa unaenda hukohuko hata kama akili inajua imehamishwa. Kwahiyo usikubali kuambiwa eti wewe mshamba unaogopa mabadiliko.

Cha kwanza, usiamue siku ileile. Itumie kama wiki hivi kwa kazi zako za kawaida, weka karatasi pembeni na kila ukikwama andika ulikuwa unataka kufanya nini. Usiandike "menyu mbaya", andika "nilitaka kubadilisha jina la faili sikuona pa kubonyeza". Ukiisoma baada ya siku kadhaa utakuta mengi umeshayazoea unayafuta mwenyewe, na yale yanayobaki ndo malalamiko yako ya kweli, hayo ndo ya kuyafanyia kazi.

Cha pili, yaliyobaki yatafute kwenye setingi, mengi yanarudishika ila hayatangazwi. Nachukua Windows 11 maana ndo iliyogombanisha watu wengi tangu itoke Oktoba 2021. Ikoni zimekaa katikati huzitaki? Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale chini kwenye taskibaa, ule mstari wenye ikoni, ingia Taskbar settings, shuka mpaka Taskbar behaviors, kwenye alignment chagua Left, imeisha. Madirisha ya programu moja yanajificha chini ya ikoni moja mpaka unapoteza unachofanyia kazi? Hapohapo kuna chaguo la kuacha kuyaunganisha, weka Never, utaona kila dirisha na jina lake. Hiyo mwanzoni haikuwepo kabisa, watu walilalamika sana mpaka ikarudishwa 2023. Ile menyu fupi ya kitufe cha kulia ambayo vitu vingi vimefichwa, shika Shift halafu ndo ubonyeze kitufe cha kulia juu ya faili, inakuja ile ndefu ya zamani moja kwa moja. Na kama unabadilisha majina ya mafaili kila mara, bonyeza F2 tu uachane na menyu, hiyo imefanya kazi miaka na miaka na hakuna aliyeigusa. Kwa ujumla shotikati za kibodi ndo kitu kinachohama kidogo kuliko vyote, kitufe cha Windows pamoja na E kufungua mafaili, Windows na I kufungua setingi, ukizijua hizo chache sura ikibadilika tena hutayumba sana.

Tatizo likiwa ni macho yenyewe, usilichukulie poa. Apple walipoleta muonekano wa kioo 2025, wanauita Liquid Glass, wapo walioupenda sana na wapo walioshindwa kusoma maandishi kwasababu yanachanganyika na picha iliyo nyuma. Kwenye Mac ingia setingi, Accessibility, kisha Display, washa Reduce transparency, yaani punguza ule uwazi wa kioo. Windows nayo ipo, Accessibility halafu Visual effects, zima transparency na animation (vile vitu vinavyochezacheza) zote mbili. Kama unamsaidia mzazi wako au mtu mwenye shida ya kuona, anza na hapa kabla ya kumfundisha kingine chochote, halafu ongeza na ukubwa wa maandishi, manake huwezi kumlaumu mtu hajui kutumia kitu ambacho hakioni.

Kurudi nyuma kabisa kunawezekana lakini kuna muda wake. Ukitoka Windows 10 kuja 11 una siku 10 kwa kawaida, ingia setingi, System, Recovery, halafu Go back, zikipita batani hiyo haifanyi kazi tena. Fanya bakapu kwanza, na ujue programu ulizoweka baada ya apdeti zitaondoka. Ila mi sikushauri urudi kwa ajili ya sura tu, Windows 10 ilifikia mwisho wa sapoti ya kawaida, yaani apdeti za usalama za kawaida, 14 Oktoba 2025, usalama wa mafaili yako ni mkubwa kuliko ikoni kukaa katikati.

Halafu lalamika, tena ulalamike vizuri. Windows 8 ya 2012 iliondoa batani ya Start kwasababu waliifikiria skrini ya kugusa zaidi, watu wenye mausi na kibodi wakakwama hata kuzima kompyuta tu ikawa kazi, kelele zikawa nyingi, mwaka uliofuata 8.1 ikairudisha batani na Windows 10 ikairudisha menyu yenyewe 2015. Upande wa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, ilipokuja sura mpya ya GNOME 3 mwaka 2011 wapo walioikataa kabisa wakaendeleza ile ya zamani kwa jina la MATE, na ipo mpaka leo. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na F inafungua Feedback Hub, programu ya kupeleka maoni kwa watengenezaji, tafuta kwanza kama tatizo lako limeshaandikwa, likiwepo lipigie kura badala ya kuandika jipya. Kama halipo chukua ile karatasi yako, andika tatizo moja kwa ripoti moja, useme kazi gani ulikuwa unafanya, zamani ilikuwa mibonyezo mingapi na saivi imekuwa mingapi, uambatanishe na picha ya skrini. Matusi hayamsaidii anayetengeneza, anachohitaji ni kujua ulikwama wapi.